Tezi za mama hazijafa, zimenyamazishwa

*"Daktari, shikamoo. Mama yangu ana umri wa miaka 61. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akinunua dukani vidonge vidogo vya deksamethasoni vya miligramu 0.5 kwa ajili ya maumivu ya magoti, akimeza viwili asubuhi na kimoja kabla ya kulala. Maumivu yalitulia, lakini uso ukawa wa mviringo, tumbo likaongezeka huku miguu ikikonda, na mwaka jana akaambiwa ana kisukari, akaanzishiwa glibenklamidi. Kaka yangu aliposoma madhara ya vidonge hivyo alivitupa vyote chooni. Hizo ni wiki tatu zilizopita. Tangu hapo mama hana nguvu, anasikia kichefuchefu, akisimama anapata kizunguzungu, mwili mzima unamuuma, na asubuhi mbili tumemkuta ametota jasho, sukari ikiwa 3.1. Hospitali walimpima kortisoli saa mbili asubuhi ikawa nanomoli 62 kwa lita, wakamwandikia haidrokotisoni. Kaka anakataa, anasema ni sumu ileile kwa jina jingine. Jirani anayeuza virutubisho anasema tezi za mama 'zimechoka' na kwamba anao unga wa kuziamsha. Je, tezi zimekufa? Zitarudi? Tumsikilize nani?"*

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kabla ya maelezo naomba mambo mawili yafanyike leo hii. La kwanza, mama aanze haidrokotisoni aliyoandikiwa, kwa kipimo na kwa saa alizoelekezwa. La pili, daktari aliyemwandikia apate habari ya lile jasho la asubuhi na ya sukari ya 3.1, ambayo iko chini mno, kwa sababu kiwango cha glibenklamidi kilichopangwa wakati mama bado anameza deksamethasoni sasa kinaweza kuwa kikubwa mno kwake. Mkimkuta tena anatetemeka na kutoka jasho, na yuko macho na anaweza kumeza, mpeni maji yenye sukari au juisi papo hapo, kisha mpime. Akitapika kiasi kwamba dawa haikai tumboni, akizimia, akichanganyikiwa, au akilegea hata asiweze kusimama, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni kwenye huduma ya dharura na, kabla ya historia nyingine yoyote, mwambieni anayewapokea kwamba mgonjwa huyu ametumia steroidi, yaani jamii ya dawa ya deksamethasoni, kwa miaka miwili na ameziacha ghafla. Maneno hayo machache hubadilisha kabisa namna atakavyotibiwa.

Sasa nije kwenye hofu zenu, ambazo naziona ni mbili na zinavutana. Mnaogopa kwamba dawa imeshaua kiungo cha mama, na wakati huohuo mnaogopa kwamba kumpa dawa ya jamii hiyohiyo ni kumrudisha kwenye shimo alilotolewa. Hofu zote mbili zina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana watu wenye nia njema kama kaka yako hukosea. Ili niwajibu vizuri itanibidi nieleze jinsi mwili unavyoitawala homoni hii.

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, na kwa mtu mzima kila tezi haizidi sana gramu nne au tano. Ganda lake la nje ndilo linalotengeneza homoni za steroidi, zote zikianzia kwenye malighafi moja, yaani lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli na huidhani kuwa adui tu. Ganda hilo lina matabaka matatu. La juu kabisa hutengeneza aldosteroni, inayoiamuru figo ishikilie chumvi na kutoa potasiamu. La kati, ambalo ni nene kuliko mengine, hutengeneza kortisoli. La ndani hutengeneza homoni hafifu zinazoelekea kwenye jamii ya homoni za kiume. Kortisoli ndiyo inayotuhusu hapa. Huisaidia ini kutengeneza sukari tunapokuwa hatujala, huifanya mishipa ya damu iitikie amri ya kubana ili presha isishuke mtu anaposimama, na huuzuia uvimbe wa kinga ya mwili usipite kiasi.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba kortisoli haiwekwi ghalani. Insulini hukaa tayari ndani ya seli za kongosho ikingoja kuitwa, lakini tezi ya adrenali haina akiba ya maana ya kortisoli: inapoagizwa ndipo lehemu husukumwa ndani ya mitokondria za seli, vimeng'enya vikaikatakata hatua kwa hatua, na baada ya dakika chache homoni mpya ikaingia kwenye damu. Kwa hiyo swali la msingi kwa mama yako ni nani anayetoa agizo, na kwa nini amenyamaza.

Agizo hutoka kichwani, kwa ngazi mbili. Sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya CRH, ambayo muundo wake ulifumbuliwa na Wylie Vale na wenzake kule California mwaka 1981. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari humwaga homoni ya ACTH kwenye damu, na ACTH ikifika kwenye adrenali kortisoli hutengenezwa. Kisha kortisoli hiyohiyo hurudi kichwani na kuwaambia wale wakubwa wawili kwamba imetosha, nao hupunguza maagizo. Mzunguko huu hauendi kwa kasi moja mchana kutwa. ACTH huanza kupanda usiku wa manane kuelekea alfajiri, kortisoli hufika kileleni karibu na saa ya kuamka, na huwa chini kabisa mtu anapokuwa katika usingizi wa mwanzo wa usiku. Hata ndani ya siku moja homoni hutoka kwa mapigo, takriban kila saa au zaidi kidogo, jambo ambalo Stafford Lightman na wenzake wa Bristol wamelichunguza kwa miaka mingi. Ndiyo sababu kortisoli hupimwa asubuhi; kiwango cha chini kilichopimwa saa kumi jioni hakimwambii daktari lolote la maana.

Fikirini mashine ya kusaga ya kijijini. Watu wakianza kuletewa unga wa mifuko kutoka mjini kila siku, hakuna anayepeleka mahindi mashineni. Mwenye mashine halipi tena fundi, mkanda unakakamaa, kutu inaingia. Ghafla lori la unga linaacha kuja. Mashine ipo, haikuibwa wala kuungua, lakini asubuhi ya kwanza haiwezi kulisha kijiji. Deksamethasoni ndiyo lori la unga. Inapoingia kwenye seli za pituitari hushikana na kipokezi kilekile cha kortisoli, kipokezi kikaingia kwenye kiini cha seli na kuizima jeni inayozaa ACTH. Na ACTH haiiagizi adrenali tu, bali huilisha pia: ikikosekana kwa miezi, tabaka la kati husinyaa na vimeng'enya vyake hupungua.

Hapo kuna mambo mawili katika maelezo yako ambayo muuza duka hakuyafikiri. La kwanza ni udogo wa kidonge. Miligramu 0.5 inaonekana si kitu, lakini kwa nguvu miligramu 0.75 za deksamethasoni zinalingana na miligramu 5 za prednisoloni au 20 za haidrokotisoni. Vidonge vitatu vya mama kwa siku vilikuwa sawa na miligramu 40 hivi za haidrokotisoni, ilhali mtu ambaye adrenali zake hazifanyi kazi kabisa huhitaji kati ya 15 na 25 tu kwa siku. La pili ni kile kidonge cha kabla ya kulala. Deksamethasoni hukaa ikifanya kazi mwilini kwa zaidi ya siku nzima, na kuimeza usiku ni kuuziba ule mwanya wa alfajiri ambao ndio ubongo huutumia kutoa agizo kubwa la siku. Kama mtu angetafuta njia nzuri ya kuilaza tezi, asingepata nzuri kuliko hiyo.

Haya si mageni kwa watafiti, ingawa yalijifunzwa kwa gharama. Mnamo Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench alimpa mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi dawa iliyoitwa wakati huo Kiambata E, ambacho mkemia Edward Kendall alikuwa amekitenga kutoka kwenye tezi za adrenali za wanyama. Baada ya siku chache mgonjwa aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani alitembea. Dawa hiyo ikapewa jina la kortisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Basel wakapata Tuzo ya Nobel. Ulimwengu ulishangilia, na kwa kweli kila mtu anayemeza deksamethasoni kwa mara ya kwanza kwa ajili ya magoti hushangilia vivyo hivyo, kwa hiyo simlaumu mama. Lakini kufikia mwaka 1952 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari ya mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa kwenye kortisoni kwa miezi kadhaa, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, presha ikaanguka, akafariki. Uchunguzi wa maiti ulionyesha adrenali zilizosinyaa. Tangu hapo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba steroidi zilizotumika kwa muda mrefu hazikatizwi kwa siku moja, na kwamba anayezitumia halazwi kwenye meza ya upasuaji bila kuongezewa.

Sasa tazameni namba ya mama. Vyama vya wataalamu wa homoni vya Ulaya na Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja mwaka 2024 kuhusu hali hii hasa. Kwa mujibu wake, kortisoli ya asubuhi iliyo juu ya nanomoli 300 kwa lita huonyesha kwamba mfumo umerudi; iliyo kati ya 150 na 300 humtaka mgonjwa aendelee na dozi ndogo na kupimwa tena; na iliyo chini ya 150 humaanisha tezi bado zimelala na dawa ni lazima. Mama ana 62. Na kwa kuwa alikuwa ameacha vidonge kwa wiki tatu alipopimwa, hatuwezi kusema ni deksamethasoni iliyobaki mwilini inayoizuia tezi siku hiyo. Mwili wake mwenyewe hautoi ya kutosha. Kichefuchefu, kizunguzungu cha kusimama, unyonge na maumivu ya mwili mzima vinaelezwa vyote na namba hiyo.

Je, tezi zimekufa? Hapana, na nina sababu za kusema hivyo kwa uhakika. Ugonjwa wa tezi kufa upo, na ulielezwa mwaka 1855 na Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London. Wagonjwa wake wengi walikuwa na kifua kikuu kilichozila adrenali, na mpaka leo katika nchi zetu kifua kikuu hakisahauliwi daktari anapokutana na ugonjwa huo. Katika ugonjwa wa Addison ganda lote huharibika, aldosteroni ikiwemo, kwa hiyo chumvi hupotea na potasiamu hupanda. Pituitari nayo, kwa kuona hakuna jibu, hupiga kelele za ACTH kupita kiasi, na kwa kuwa ACTH huzaliwa pamoja na homoni zinazochochea rangi ya ngozi, mgonjwa huwa mweusi zaidi kwenye mistari ya viganja, kwenye fizi na kwenye makovu. Kwa mama yako pituitari imekaa kimya, kwa hiyo sitarajii weusi huo. Aldosteroni yake pia haitegemei sana ACTH. Inatawaliwa zaidi na figo kupitia kimeng'enya chake kiitwacho renini, na kwa kiwango cha potasiamu, kwa hiyo tabaka lile la juu liliendelea na kazi yake muda wote. Daktari akipima potasiamu na kuikuta ya kawaida, na akiangalia viganja na fizi na kuziona hazikubadilika, hilo litazidi kuthibitisha. Mkiona weusi wa namna hiyo, au mama ana kikohozi cha muda mrefu na homa za usiku, semeni, maana hapo mawazo yangu yatabadilika.

Kwa kaka yako nina ujumbe wa moja kwa moja, nao si wa kumdharau. Aliona sawasawa kwamba vidonge vile vilikuwa vinamwumiza mama. Uso wa mviringo, mafuta kujikusanya tumboni, misuli ya miguu kuisha na kisukari kujitokeza ni picha ya steroidi nyingi mno kwa muda mrefu mno. Kosa lilikuwa kuviacha siku moja. Ama haidrokotisoni si sumu ileile kwa jina jingine: ni kortisoli yenyewe, molekuli ileile ambayo adrenali za mama zingetengeneza kama zingekuwa macho. Katika damu nusu yake huondoka kwa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo ikimezwa asubuhi na mchana, usiku hubaki mtulivu na ubongo hupata nafasi ya kuhisi pengo na kuanza tena kuagiza. Kwa dozi ya kujazia kilichopungua, haitarajiwi kuleta uso wa mviringo, kama ambavyo kortisoli yako na yangu haituletei. John F. Kennedy aliishi kwa miaka na homoni za kujazia kwa sababu ya adrenali zake dhaifu, na aliingia ikulu ya Marekani akiwa nazo. Kuna hatari, bila shaka, iwapo dozi itazidi au itaendelea bila kupimwa, na hiyo ndiyo kazi ya kliniki.

Zitarudi? Kwa mtu ambaye tezi zililazwa na dawa, mara nyingi sana hurudi, lakini polepole kuliko familia inavyotamani. Mwaka 1965 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo Grant Liddle, lilifuatilia wagonjwa baada ya steroidi za muda mrefu kuondolewa na kuona mpangilio ambao bado tunautumia kuwaeleza watu. Katika miezi ya mwanzo pituitari na adrenali zote huwa chini. Kisha pituitari huamka kwanza, ikatoa ACTH ya kawaida na hata kuzidi ya kawaida, huku adrenali bado ikijikongoja. Tezi ya chini ndiyo ya mwisho kusimama, na kwa baadhi yao ilichukua miezi tisa au zaidi. Kwa hiyo mtu asishangae akipimwa baada ya miezi mitatu na kuambiwa bado. Nimeshawaona waliorudi baada ya miezi minne na waliokaa mwaka na nusu, na sina njia ya kukwambia leo mama yuko katika kundi lipi. Kwa kawaida tunapima kortisoli ya asubuhi kila baada ya wiki au miezi kadhaa. Ikiwa katikati, hospitali kubwa zinaweza kuchoma maikrogramu 250 za ACTH ya kutengenezwa na kupima kortisoli baada ya nusu saa au saa moja, ili kuona kama tezi ikiamriwa inaitikia. Siku ya kipimo ni lazima damu itolewe kabla ya mama kumeza dozi ya asubuhi, na dozi ya mchana uliotangulia iwe ya mwisho, vinginevyo maabara itapima kidonge badala ya tezi.

Katika miezi hiyo mtachanganyikiwa na jambo moja, nalo nalitaja mapema. Mwili uliozoea steroidi nyingi hulalamika unaposhushiwa kiwango hata kama kilichobaki kinatosha: viungo huuma, hamu ya kula hupungua, moyo huwa na huzuni. Halafu maumivu ya asili ya magoti nayo hurudi kwa sababu kizuizi kimeondolewa. Familia huyaona haya na kusema dawa mpya haifanyi kazi, wakarudi dukani kwa deksamethasoni, na safari yote huanza upya. Daktari anaweza kuyatofautisha kwa kupima presha akiwa amelala na akiwa amesimama, kupima sodiamu na sukari, na pengine kupandisha dozi kidogo kwa muda kisha kuishusha taratibu zaidi.

Kuhusu sukari, natamani jambo hili lingejulikana zaidi, hata kwa baadhi ya wenzangu. Deksamethasoni huliamuru ini litoe sukari na huifanya misuli iipuuze insulini, kwa hiyo kisukari cha mama kwa sehemu kubwa huenda kilikuwa cha dawa. Alipoacha, amri hiyo ilikoma, na zaidi ya hapo kortisoli yake mwenyewe haikuwepo ya kulisaidia ini usiku. Wakati huohuo glibenklamidi, ambayo huilazimisha kongosho itoe insulini bila kujali kama mtu amekula, iliendelea kumezwa na mama asiye na hamu ya kula. Sukari ya 3.1 na jasho la alfajiri ni matokeo yaliyotarajiwa. Uamuzi wa kupunguza au kusimamisha ni wa daktari anayemwona, lakini ufanyike haraka, na sukari ipimwe asubuhi na kabla ya kulala kwa wiki kadhaa. Kisukari kinaweza kupungua sana au hata kuondoka. Kinaweza pia kubaki, kwa sababu mtu wa miaka 61 huweza kuwa nacho hata bila steroidi.

Yapo mazingira ambayo dozi ya kila siku haitoshi. Mtu mwenye adrenali nzima akipata homa ya malaria au nimonia, mwili wake huongeza kortisoli mara kadhaa bila yeye kujua. Mama hawezi kwa sasa, kwa hiyo mwombeni daktari awaandikie kwa kalamu afanye nini akipata homa. Kwa kawaida dozi huongezwa mara mbili au tatu kwa siku za homa kisha hurudishwa. Akitapika au kuharisha vibaya, vidonge havitamfaa, na ndipo huhitajika sindano ya haidrokotisoni ya miligramu 100 pamoja na dripu ya maji ya chumvi, bila kungoja majibu ya maabara. Upasuaji wowote, hata wa mtoto wa jicho, na hata kung'oa jino, anayeufanya aambiwe mapema. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huiharakisha ini kuimaliza haidrokotisoni, kwa hiyo akianzishiwa dawa za kifua kikuu dozi yake hubadilishwa. Kadi ndogo mkobani yenye maneno "Ninategemea haidrokotisoni, nisiachishwe ghafla" haigharimu kitu, na inaweza kumwokoa mgonjwa asiyejitambua.

Mkiwa kliniki, mwambieni daktari pia kama mama anapaka krimu ya kung'arisha ngozi. Sikuhisi lolote la aibu katika swali lako, na sisemi kwamba anapaka, lakini mirija mingi inayochanganywa kwenye mikorogo ina klobetasoli au betamethasoni, steroidi zenye nguvu kubwa, na zikipakwa mwili mzima kwa miaka hupenya kwenye damu na kuilaza tezi vilevile. Mgonjwa akiacha vidonge na kuendelea na krimu, vipimo vyetu hutuzungusha.

Sasa jirani. Neno lake la "tezi kuchoka" limetoka kwenye fundisho linalosema kwamba msongo wa maisha huzichosha adrenali hadi zikashindwa, na kwamba uchovu wa kila siku ndio dalili. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil walipitia tafiti 58 zilizohusu madai hayo na hawakupata ushahidi kwamba hali hiyo ipo. Mama yako hana tezi iliyochoka kwa kazi. Ana tezi iliyokosa kazi, na hakuna unga unaoweza kuchukua nafasi ya ACTH. Ningeishia kusema mnapoteza fedha, lakini kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2018 jarida la Mayo Clinic lilichapisha uchunguzi wa virutubisho 12 vilivyouzwa Marekani kwa ajili ya adrenali: vyote vilikutwa na homoni ya tezi ya shingo, na zaidi ya nusu vilikuwa na homoni ya steroidi walau moja, bila kutajwa kwenye lebo. Homoni ya tezi ya shingo huharakisha matumizi ya kortisoli mwilini, na kumpa mtu asiye na kortisoli ya kutosha kunaweza kumwangusha. Kwa hiyo msimpe. Jirani mwelezeni kwa upole, huenda naye anaamini anachouza.

Limebaki lile lililomfikisha mama dukani. Magoti yaliyosagika hayatibiwi na steroidi za kumeza, ambazo huficha maumivu huku zikidhoofisha misuli ya paja inayolishikilia goti na kuipunguza mifupa uimara. Atakapopata nguvu, mazoezi ya kuimarisha paja kwa usimamizi wa mtaalamu wa fiziotherapia, kupunguza uzito, parasetamoli au jeli ya kupaka ya diklofenaki, na fimbo inayoshikwa kwa mkono wa upande wa goti lenye nafuu, vitampa unafuu wa kweli, ingawa si wa siku tatu kama wa deksamethasoni, na afadhali ajue hivyo tangu mwanzo. Diklofenaki ya kumeza aiepuke mpaka figo, presha na tumbo viangaliwe. Baada ya miaka miwili ya steroidi ningependa pia macho yapimwe mtoto wa jicho, na mifupa iangaliwe ikiwa ana maumivu ya ghafla ya mgongo. Na kama daktari wa mifupa atapendekeza sindano ya gotini, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa inafaa, aambiwe habari yote hii kwanza, kwa kuwa steroidi ya sindano hiyo huvuja kutoka gotini kuingia kwenye damu, na inaweza kuilaza tena kwa wiki kadhaa tezi tunayohangaika kuiamsha.